Madirisha ya Mgeni

Mkiingia chumba chochote kwa mara ya kwanza, msianze kwa kutoa futi kamba. Anzeni kwa pua. Simameni mlangoni, vuteni hewa, halafu jiulizeni hewa hiyo imelala humo tangu lini. Dakika ya kwanza pua husema kweli. Dakika ya pili imeshaanza kuzoea, na dakika ya tatu itawaambia chumba hakina neno lolote, hasa kama mwenyeji ameshaleta chai. Kwa hiyo iulizeni mapema, kabla ya chai.

Mmeniomba, vijana mlioajiriwa juzi, niwaandikie machache kuhusu kupima hewa ya vyumba, kwa kuwa mmesikia nilikuwa bingwa wa hesabu hiyo. Nimekuwa afisa afya hapa Sumbawanga na vijiji vya tambarare ya Ufipa kwa miaka thelathini na ushee, na huku Milanzi ninakoishi mpaka leo wananiita Mama Madirisha. Wapo wageni wanaodhani ni jina la ukoo wa mume wangu. Ubingwa wenyewe mtauona huko mbele jinsi ulivyonitokea puani.

Hesabu kwanza, maana najua wengine mnaiogopa bure. Swali ni moja tu: kwa saa moja, hewa yote ya chumba hiki inabadilishwa mara ngapi? Pima urefu wa chumba, upana na kimo, zidisha, umepata ujazo. Pima sehemu ya dirisha inayopitisha hewa, umepata eneo. Weka kipima upepo dirishani, umepata mwendo wa hewa kwa sekunde. Eneo mara mwendo, mara sekunde za saa nzima ambazo ni elfu tatu na mia sita, gawanya kwa ujazo wa chumba. Kama hewa inaingilia dirisha moja na kutokea jingine, tumia lile lililo dogo, kwa sababu haiwezi kutoka nyingi kuliko mlango wake. Kisha zidisha kwa sifuri nukta sita tano, yaani unaipunguza kama theluthi hivi. Chumba cha wagonjwa wa kifua kikuu tulitaka kifikishe kumi na mbili.

Theluthi hiyo nilifundishwa na Mzee Malongo, bosi wangu wa kwanza, mtu mrefu mkavu aliyekuwa akitunza kipima upepo pekee cha ofisi ndani ya kopo la biskuti na kulala nalo karibu kuliko mke. Nilimuuliza kwa nini tunapunguza wakati kifaa kimeshatoa jibu.

"Binti," akasema, "upepo unapoingia dirishani unajigonga kwenye fremu, unajikunja, mwingine unarudi ulikotoka. Wewe unataka kuuhesabu wote kama askari wa gwaride?"

Alikuwa mtu wa maneno machache, na akishasema machache hayo alitegemea uondoke mbele yake.

Tena msidhani hewa ikibadilishwa mara moja basi ya zamani yote imetoka. Hewa mpya haisukumi ya zamani kwa foleni, zinachanganyika. Ukisuuza ndoo yenye povu la sabuni mara moja, povu linabaki, ndiyo maana unasuuza tena na tena. Chumba nacho ni hivyo hivyo. Anayekohoa humo ndani anaongeza povu kila dakika, na wewe kazi yako ni kuhakikisha usuuzaji unamzidi.

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya hapa hapa Milanzi, kwenye ukumbi mmoja mpya uliokuwa ukisubiri kibali cha kutumika. Ulikuwa na vioo virefu pande zote, nuru imejaa mpaka unasikia aibu kuingia na viatu vya matope. Nikapima vioo vyote kwa futi, nikakadiria upepo kwa kuwa siku hiyo Mzee Malongo hakuniamini na kopo lake, nikapiga hesabu mezani. Nikapata namba kubwa mpaka nikamhurumia atakayekaa humo bila sweta. Mzee akaisoma karatasi yangu, akachana ukurasa mmoja kwenye daftari lake na kunipa.

"Nenda ukautundike kwa uzi mbele ya dirisha, uniletee habari."

Nikaenda, nikautundika, nikakaa mbele yake. Nilikaa mpaka mguu ukafa ganzi. Ule ukurasa haukutikisika hata kidogo, kwa sababu vioo vile vyote vilikuwa vimegandishwa kwenye fremu, hakuna hata kimoja kilichofunguka. Niliporudi ofisini mzee hakucheka, na ndivyo alivyonikomesha.

"Ulipima mwanga, binti," akasema. "Sasa karudie upime hewa."

Tangu siku hiyo kila dirisha nalifungua kwa mkono wangu kabla sijaliandika. Mengi mtakuta yamepakwa rangi yakashikana, au kabati limeegemezwa, au luva zimekwama nusu. Andikeni kile kilicho wazi. Dirisha la kuangalia barabara waachieni wapangaji.

Halafu kuna udi. Kifaa kinakuambia hewa ina mwendo gani pale dirishani, lakini hakikuambii inapoingia inaelekea wapi. Kwa hilo unahitaji moshi, na moshi mzuri kuliko wote niliowahi kuutumia ni wa udi wa kawaida. Nilikuwa nanunua pale mjini kwa Mama Zuhura, ambaye familia yake ina duka la vitu vya nyumbani na lori moja linaloshusha bidhaa Muze. Nilipokwenda mara ya tatu kwa mwezi mmoja, akashindwa kuvumilia.

"Mwenzangu, wewe kila Jumapili nakuona unapita na kitabu cha nyimbo kwenda kanisani. Udi wote huu wa nini?"

"Wa kuangalia hewa."

"Haya, mama. Hewa." Akanifungia kwenye gazeti huku akimwangalia mwanawe wa kaunta. Nilijua kabla ya adhuhuri mtaa mzima utakuwa na habari zangu, na mji wetu mnaujua, kwa habari za kufukiza fukiza hauhitaji kusukumwa.

Wodini nako ilikuwa vichekesho. Siku moja napita na udi wangu kati ya vitanda, najisogeza polepole, naangalia moshi unavyolala, mzee mmoja aliyekuwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni akanifuata kwa macho tangu mlangoni. Nilipomfikia akaninong'oneza.

"Mama, kama ni kitu unakifukuza, anzia kitanda cha huyu jirani yangu. Kinakoroma."

Basi shikeni hili la moshi. Ushike udi usawa wa kifua cha mtu aliyekaa. Moshi ukipanda wima mpaka darini, hewa imekufa hapo. Ukikimbilia dirishani, vizuri. Ukitoka kwa mgonjwa ukaja kwako, basi umesimama pabaya, na kama hapo ndipo kilipo kiti cha nesi, kihamisheni hicho kiti siku hiyo hiyo, msisubiri ripoti. Upepo umpitie nesi kwanza, kisha mgonjwa, kisha utoke nje. Utashangaa ni vyumba vingapi vimepangwa kinyume kwa sababu tu soketi ya umeme iko upande ule.

Ninyi siku hizi mna vifaa vya kusoma hewa inayotoka mapafuni mwa watu, mnaviweka mezani vinatoa namba vyenyewe. Kijana mmoja wenu alinijia na simu, "Shikamoo mama, hesabu yako yote iko humu, unaingiza tu vipimo, poa kabisa." Marahaba, nikamwambia, na ni poa kweli, mimi si adui wa simu. Lakini simu itagawanya chochote utakachoipa. Ukiipa uongo itaugawanya vizuri mpaka nukta ya pili. Na sasa niwaambie uongo niliowahi kuugawanya mimi.

Mnajua baridi ya huku. Bondeni Muze hakuna haja ya kumhubiria mtu afungue dirisha, joto limeshamhubiria. Huku juu, kipupwe kikiingia, mtu mwenye akili timamu anafunga. Vitabu tulivyosomea havikulijua hilo. Vilisema tu "madirisha yawe wazi", na mimi nilikuwa mwanamke wa vitabu.

Upande wa Kaengesa, mbele zaidi vijijini, kulikuwa na zahanati moja ndogo iliyotenga chumba kwa wagonjwa wa kifua kikuu, pa kupimiwa na kupewa dawa. Nesi wake alikuwa Gaudensia, wakati ule mama wa mtoto mmoja, mume wake mkulima wa mahindi na ulezi pale pale kijijini. Alikuwa mcheshi, mwepesi, na wagonjwa walimpenda kwa sababu alikuwa anawafuata nyumbani wakikosa dawa. Nilikwenda kukipima chumba chake mwezi wa sita, kwa pikipiki ya ofisi, ambayo ekzosi yake ilikuwa imetoboka na ofisi nzima tulikuwa tumekubali kuishi nayo hivyo.

Nilikuta madirisha mawili yako wazi kabisa, yanatazamana, hewa inapita mpaka karatasi zinaruka. Gaudensia alikuwa amesimama mlangoni anahema kidogo, anatabasamu. Nikatundika mkoba wangu kwenye msumari uliokuwa juu ya fremu ya dirisha, nikaanza kazi. Chumba kilikuwa mita tano kwa nne, kimo tatu: mita za ujazo sitini. Dirisha dogo lilifunguka mita moja ya mraba. Upepo, mita moja kwa sekunde. Hata bila kalamu unaona: mita za ujazo elfu tatu na mia sita kwa saa, gawanya kwa sitini, mara sitini. Toa theluthi ya Mzee Malongo, thelathini na tisa.

Thelathini na tisa! Tulihitaji kumi na mbili. Nilifurahi mpaka nikamwonyesha Gaudensia karatasi.

"Chumba chako ni bora wilaya nzima," nikamwambia.

"Asante, mama," akasema. "Tunajitahidi."

Akaniletea uji wa ulezi wa moto, nikanywa, nikatia saini, nikaondoka na ekzosi yangu. Katika vikao nilikuwa naitaja zahanati ile kama mfano. Nilirudi mara mbili zaidi miaka iliyofuata, na kila mara nilikuta madirisha wazi na hewa tele. Sikuwahi kujiuliza kwa nini wagonjwa kwenye benchi walikuwa wanatetemeka kama watu waliofunuliwa blanketi sasa hivi.

Kisha mganga mfawidhi wa pale akanipigia simu ofisini. Gaudensia alikuwa anakohoa kwa wiki kadhaa, akisema ni baridi tu, mpaka wenzake wakamlazimisha kutoa makohozi. Majibu yalikuwa yametoka: ni ugonjwa wenyewe, kifua kikuu. Nilikaa na ile simu mkononi baada ya kukatika. Hakuna anayeweza kuapa kwamba aliupatia mle chumbani, angeweza kuupata popote, lakini mimi moyoni nilijua, na niliona aibu ambayo sijui niwaelezeje.

Siku hiyo pikipiki ilikuwa imegoma, nikasema heri niende hivyo hivyo. Nikapata lifti ya lori la mahindi, wakanishusha njia panda, nikamalizia kwa miguu. Ilikuwa kipupwe, upepo unakata masikio. Hakuna aliyenisikia nikifika. Nikafungua mlango wa kile chumba changu bora wilaya nzima.

Kulikuwa na giza. Juu ya kila dirisha palikuwa na pazia la kiroba cha mahindi, limeshonwa kwa ustadi kabisa, limeshuka mpaka chini, na nyuma yake dirisha limefungwa. Watu wanane wamebanana kwenye benchi wanakohoa, na nesi wa kushika nafasi amejitanda kitenge. Ile dakika ya kwanza ya pua sikuihitaji, sekunde moja ilitosha. Hewa ilikuwa nzito, ya uvuguvugu, imeshavutwa na kila mtu. Nikawasha udi, moshi ukapanda wima mpaka darini ukakaa huko. Sikupiga hesabu. Isingefika hata moja.

Nikalisogelea lile pazia. Pembeni lilikuwa na kitanzi cha kamba. Ukikivuta kitanzi, pazia linapanda, na kitanzi unakitundika kwenye msumari juu ya fremu. Ndio ule msumari niliotundikia mkoba wangu, bila kuuliza kamba iliyokuwapo ni ya nini. Ulikuwa umesuguliwa na kamba mpaka unang'aa.

"Nani anashusha haya mapazia?" nikauliza.

Mama mmoja mtu mzima akanijibu kwa upole, kama anamweleza mtoto. "Yanakuwa chini siku zote, mama. Yanapandishwa akija mgeni."

Hebu fikirini. Watu hawa hawakunidanganya kwa ubaya. Huku kwetu mgeni hapokelewi kwa kile ulicho nacho, anapokelewa kwa kile anachokipenda. Padri anapikiwa kuku, mkwe anatandikiwa mkeka mpya, na Mama Madirisha anafunguliwa madirisha. Walinisikia nikija tangu kilima cha pili na ile ekzosi, wakanipokea kwa heshima zote. Miaka yote ile nilikuwa nimepima heshima ya watu, nikaigawanya kwa sitini, nikaiandika kwenye fomu ya serikali. Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuwa nakuja, na mwenyeji akaugua.

Nilimfuata Gaudensia nyumbani kwake. Nilimkuta ameketi juani karibu na kihenge cha mahindi, amekonda, kichwani ana mzula wa mumewe. Nilimwomba radhi. Akanikatiza.

"Ni baridi tu ilinikuta, mama. Dawa nimeanza, nitapona."

"Nani alipandisha mapazia siku ile nilipokuja mara ya kwanza?"

Akaangalia kuku. "Baridi ya huku unaijua, mama," akasema, na sikumbana zaidi.

Kile chumba nilikifunga siku hiyo hiyo. Wagonjwa wakawa wanapelekwa kituo cha mbali, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu, na walinilaani, nao walikuwa na haki. Mimi nikamtafuta fundi Sikazwe, aliyekuwa amekijenga kile chumba mwenyewe. Nilimweleza kwamba watu wa hapa watafunga madirisha hata malaika akishuka kuwakataza, kwa hiyo tutafute hewa isiyohitaji ruhusa yao: matofali ya matundu, juu kabisa karibu na dari, pande zote mbili, upepo upite juu ya vichwa na asiwepo wa kuyaziba bila ngazi.

"Mama, unataka niutoboe ukuta wangu mwenyewe?" fundi akauliza.

"Ndiyo."

"Na watu watasema fundi Sikazwe alisahau kumalizia."

Alinung'unika siku mbili, siku ya tatu akaja na patasi. Hili mlishike, vijana: usitengeneze chumba kwa ajili ya watu wa kitabuni. Tengeneza kwa ajili ya bibi mwenye baridi, kwa sababu ndiye atakayekaa humo ukishaondoka.

Miezi ikapita. Gaudensia akamaliza dawa zake, makohozi yakawa safi, mwili ukarudi. Lakini kukawa na barua. Ofisi ilisema chumba kile kikifikisha kumi na mbili, nesi arudi kazini kwake. Kikishindwa, huduma ya kifua kikuu pale ifungwe moja kwa moja na yeye ahamishiwe Muze, bondeni. Muze ni pazuri, nina ndugu huko, mchele wake mtamu. Ila mume wa Gaudensia asingeweza kubeba mashamba yake kichwani, na mtoto wa pili alikuwa ndiyo kwanza anatambaa.

Nilikwenda kupima asubuhi moja ya mwezi wa saba. Pikipiki niliiacha njia panda, nikatembea. Niliwakuta wagonjwa wameshaanza kujipanga nje, maana habari ilikuwa imevuma kwamba leo chumba kinafunguliwa. Gaudensia alikuwa mlangoni, gauni lake la kazi limepigwa pasi mpaka mistari inasimama, sweta juu yake. Madirisha yalikuwa yamefungwa, kama nilivyotaka niyakute.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usiguse kitu."

Nikapanda ngazi ya fundi, nikapima matundu ya upande ule mdogo, yote kwa jumla: sifuri nukta tatu za mita ya mraba. Nikashikilia kifaa kwenye tundu moja moja, nikachukua wastani: sentimita sitini kwa sekunde. Nikashuka, nikakaa kwenye benchi, nikapiga hesabu. Mita za ujazo mia sita arobaini na nane kwa saa. Gawanya kwa sitini, kumi nukta nane. Punguza ile theluthi.

Saba. Nikarudia. Saba.

Gaudensia alikuwa anasoma uso wangu. Kutoka moja mpaka saba ni kazi kubwa, fundi alistahili pongezi, na matundu mengine tungeweza kuyatoboa. Lakini barua ilitaka jibu siku ile, na saba haijawahi kuwa kumi na mbili.

"Mama," akasema, "nifungue madirisha nusu tu? Nusu. Upime tena."

Ningeipita kumi na mbili. Alijua na mimi nilijua.

"Nikiondoka yatabaki wazi?"

Nje upepo ulikuwa unapiga mabati. Akakaa karibu yangu kwenye benchi, mikono imebanwa kati ya magoti.

"Siku ile ya kwanza ni mimi," akasema. "Nilisikia pikipiki. Nikakimbia nikapandisha viroba, nikafungua yote mawili. Hakunituma mtu. Nilisema mama ametoka mbali, apate namba nzuri, afurahi."

"Nilifurahi sana," nikasema. Nilimshika mkono, tukakaa hivyo kidogo, wanawake wawili wazima tukilia kimya kimya kwa ajili ya madirisha.

Kisha nikachukua fomu, nikaandika saba. Kalamu ilikuwa nzito. Gaudensia aliiangalia ile saba, akafuta macho kwa kiganja, akanyanyuka. Nilidhani anakwenda nyumbani kumwambia mumewe habari ya Muze. Badala yake akachukua kiti chake cha mbao, akakitoa nje, akakiweka barazani upande wa mashariki ambako jua la asubuhi lilikuwa limeanza kupiga. Akarudi akachukua kimeza, akarudi tena akachukua sanduku la dawa.

"Hapa nje ni ngapi, mama?" akaniuliza.

Baraza lilikuwa na paa na nguzo mbili, ukuta mmoja tu. Nilitazama huku na huku nikitafuta cha kupima. Mimi na hesabu zangu zote, na fundi na patasi yake, hakuna aliyekuwa amefikiria kutoka nje ya mlango.

"Hapa hakuna hesabu," nikamwambia.

Chini ya ile saba nikaandika: huduma inatolewa barazani, nesi abaki. Nikatia saini. Yeye akajifunga kitenge juu ya sweta, akavuta mzula mpaka masikioni, akakaa upande unakotoka upepo, akamwita mgonjwa wa kwanza. Upepo ukawa unafunua kurasa za daftari lake la wagonjwa, hawezi kuandika. Nikavuta kigoda, nikakaa kando yake, nikalishika lile daftari kwa mikono miwili mpaka foleni ilipokwisha.